Konokono Waliobaki Chini ya Mawe

Kwenye kona moja ya Bulengera, mtaa wa Butembo, pale barabara ya udongo inapojikunja kabla ya kuteremka sokoni, kuna benchi lililotengenezwa kwa mlango. Mlango wa nyumba ya nani, hakuna anayekumbuka. Tundu la kufuli bado lipo, na mtu akikaa vibaya linamfinya. Mbele yake Mama Bénite anaweka mbabula yenye makaa, birika jeusi na termosi ya kahawa ya Lubero iliyochemshwa na tangawizi, na kuanzia hapo mtu yeyote mwenye jina la utani ana haki ya kuwa profesa. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika mchana, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni ukameza mabati ya ng'ambo, ukameza mnara wa kanisa, ukafika mpaka kwenye mfereji wa barabara. Ukikaa pale ungedhani dunia inaishia hapo, na kwamba hatua moja zaidi ingekutumbukiza kwenye maji meupe yasiyo na upande wa pili. Labda ndiyo maana watu wa benchi walikuwa wanazungumza juu ya bahari, wao ambao hakuna aliyewahi kuiona, isipokuwa mmoja tu, naye aliiona kupitia dirisha la hoteli.

Falonne hakuja kunywa kahawa. Alikuja kumzuia baba yake. Mama yake alikuwa amempigia simu yeye akiwa bado chuoni, kwenye auditoire, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeficha kilio kati ya masufuria: baba yako anashuka Mavivi leo, anakwenda kuangalia shamba, amesema akimaliza kahawa anaondoka, mimi hanisikii, labda wewe mwenye kujua kusema. Mavivi ndiko walikotoka. Huko Beni, kupita uwanja wa ndege, upande wa msitu, Mathe baba yake aliacha miti ya kakao aliyoipanda mwenyewe, siku ile adui alipoingia na watu wakakimbia na nguo walizovaa. Tangu hapo wanaishi katika chumba cha nyuma cha shemeji yake, hapa Butembo, na Mathe, aliyezoea kuamka na kushika panga, anaamka na kushika kikombe. Sasa majirani wa zamani walikuwa wamempigia simu. Kakao imezaa, walisema, inaiva na kuozea juu ya mti. Kuna watu wameanza kuingia asubuhi na kutoka kabla jua halijapinda. Risasi hazisikiki. Hizo ni ishara nzuri. Na neno hilo, ishara, Mathe alikuwa analizungusha mdomoni tangu juzi kama bonbon asiyotaka iishe.

Falonne alimkuta mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Pale kijiweni wanamwita Cacao. Alimsalimia huku ameinamisha kichwa, na baba yake akamsogezea nafasi bila kumwuliza kwa nini hayuko kwenye masomo. Angemwambia pale pale, maneno yote alikuwa ameyapanga njiani juu ya pikipiki, hoja ya kwanza, ya pili, na ile ya kumaliza. Lakini mtoto hamwambii baba yake neno gumu mbele ya wenzake. Ilibidi angojee kikombe kiishe, amsindikize hatua chache, ndipo ammwagie. Kikombe kilikuwa bado na nusu. Akakaa, akakunja mikono ndani ya koti, akasikiliza upuuzi.

Upuuzi wenyewe ulikuwa juu ya konokono.

Aliyeuleta alikuwa Syauswa, fundi wa magari, ambaye wote wanamwita Radiateur kwa sababu anapata joto haraka. Asubuhi, akiwa amelala chini ya Fuso, alikuwa amesikia kwenye redio yake kwamba katika pwani moja ya mbali kuna konokono mkubwa wa baharini, anayejishika kwenye mawe kama mkono wa mtu mwenye hofu. Nyama yake ni tamu, na ndani ya ganda lake mnang'aa rangi zote, kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Basi watu walimvua, wakamvua, mpaka akabaki mmoja hapa na mmoja kule. Jina la pwani Radiateur hakulishika, maana wakati huo nyundo yake ilikuwa inapiga. Lakini hili alilishika: wazamiaji wameingia majini, wamegeuza mawe, wameona watoto. Watoto wadogo wa konokono, kama ukucha wa mtoto mchanga. Redio ikaziita hizo ishara za kupona. Kisha betri ya redio ikafa.

Guangzhou alikuwa ameshacheka kabla habari haijaisha. Huyu ni Zorobabel, mwenye depo ya carreaux, vigae vya sakafu, karibu na soko, mtu wa kwenda China na kurudi, na ndiye aliyeiona bahari kupitia dirisha.

— Mi nilimukula ule konokono, alisema. Siku tulisaini container. Balinileteya yeye peke yake mu sahani kubwa, sawa vile mufalme, na meza nzima inaniangalia.

— Iko na utamu gani? aliuliza Mama Bénite.

— Sawa vile unatafuna babouche ya miguu yenye balipika na chumvi. Mais nilitabasamu, nilimeza. Contrat ilikuwa pale pembeni.

Wakacheka. Guangzhou akaeleza kwamba mwenyeji wake alimnong'oneza kuwa wale wa bahari wameisha, kwamba huyu aliyemeza alifugwa kwenye beseni kama sungura. Kitu ambacho watu wa mali wameshapenda kula, alisema, hakirudi tena, na redio inaposema ishara ni kwa sababu haina samaki wa kuonyesha.

Radiateur alipata joto. Kwake bahari ni mashine, na haoni kwa nini iwe tofauti na Fuso. Ukiipandisha milima na mzigo bila kuipumzisha inachemka, na ukiifungua kifuniko ikiwa bado inachemka itakuchoma uso. Dawa ni kusimama pembeni ya barabara, kufungua boneti na kungoja. Wale watu wa pwani wamesimama pembeni, wamengoja, mashine imepoa, basi inawaka tena. Konokono ni nini? Ni maji yanayorudi ndani ya radiateur.

Guangzhou akasema kwamba fundi hajui biashara. Kama konokono wameonekana tena, basi hawakuzaliwa upya. Kuna mtu aliwaficha. Huko chini, kwenye giza la maji, kuna grossiste, muuzaji wa jumla. Kila soko lina grossiste, kwa nini bahari isiwe naye? Aliona mali inaisha kwa wauzaji wadogo, akafunga depo, akakaa juu ya stock yake miaka yote hiyo akingoja bei ipande. Sasa anatoa kidogo kidogo, watoto kwanza, kuonja soko. Aliyasema haya kwa heshima kubwa, akitazama ukungu kana kwamba anamwona mwenzake mle ndani, ameketi juu ya magunia, anatabasamu.

Ndipo Mama Bénite, aliyekuwa anapepea makaa kwa kipande cha carton, akasema bila kuinua macho:

— Miye minaona balikuwa badéplacés, bakimbizi.

Walimtazama.

— Ndiyo. Chuma ya kubabandua ku mawe ilikuya, bakakimbia. Bakaenda ku jiwe ya bandugu, mbali, kwenye maji ya baridi. Famille d'accueil, benye banakupokea. Na unajua vile unakalaka ku jiwe ya wenyewe. Unajifunza kutembea bila kugusa sufuria. Unakunja miguu ili batu bapite. Mutoto akicheka sana, unamufunga mudomo. Donc hapo hapana kuzaa, unazaa wapi? Sasa bamesikia kwabo kumetulia. Banarudi.

Hakuna aliyecheka. Guangzhou alikohoa. Mathe alitazama ndani ya kikombe chake kwa muda, kama mtu anayesoma, na Falonne akajua kwamba kile kikombe hakitaisha haraka. Ukungu ulikuwa umevuka mfereji. Gurudumu la pikipiki lilipita mle ndani bila pikipiki kuonekana, na mtu akasalimia kutoka mahali pasipo na mtu, nao wakaitikia.

Radiateur, ambaye hawezi kuacha wengine wamshinde kwa uzuri, akasema basi kama walikimbia, walikimbilia huku. Akauliza nani anajua huku kulikuwa nini zamani, kabla ya makabila, kabla ya eucalyptus. Yeye akichimba garaji yake alikuta mawe laini, ya mviringo, mawe ambayo hayajalainishwa na mtu. Ni maji. Hapa palikuwa bahari, alisema, Butembo nzima, na milima yote hii ilikuwa visiwa. Konokono wanajua. Wana ramani ndani ya ganda, ndiyo zile rangi. Walipanda mito, wakapita Kyavinyonge ziwani wavuvi wakiwa wamelala, wakafuata harufu ya bahari ya zamani mpaka juu ya milima, na miaka hii yote tulipokuwa tunalia kwamba wameisha, walikuwa hapa, wamejishika chini ya mabati yetu, wananyonya ukungu.

Falonne alikuwa ameapa kutosikiliza, lakini aliwaona. Aliwaona mamia kwa mamia, wakubwa kama viganja, wamejipanga chini ya bati la Mama Bénite, wametulia, kila mmoja na mwanga wake mdogo wa kijani na waridi. Walikuwa wanapumua pamoja na mlima. Ilikuwa ni picha ya kipuuzi, na alitaka ibaki.

— Wapi, alisema Guangzhou, na picha ikapotea. Nyinyi munaota. Kitu iliisha, iliisha. Kuona watoto watatu chini ya jiwe haiko kitu. Muulize huyu mademoiselle. Ma fille, ku université banabafundisha nini juu ya konokono? Ao banabafundisha tu kuandika barua ya kuomba kazi?

Hapo lazima lisemwe jambo moja juu ya Falonne. Katika débat za kampasi, wakati wengine wanaomba Mungu wapewe upande wenye nguvu, yeye huomba ule ambao hakuna anayeutaka. Akiona watu wote wa chumba wamekubaliana, kitu kinamwasha nyuma ya masikio. Na sasa benchi zima lilikuwa limenyamaza likimkubalia Guangzhou, kwa sababu ndoto zimekwisha na kahawa inapoa, na huyu mwenye kumeza konokono kwa ajili ya contrat alikuwa anamtazama huku ametabasamu. Konokono hawakuwa na uhusiano wowote na kilichomleta. Ilikuwa ni njia ya kupitisha muda mpaka kikombe kiishe. Ndivyo alivyofikiri.

Akamwuliza Radiateur, kwa upole wa mtu anayenoa kisu, kama kweli redio haikusema jambo jingine kabla ya kufa. Radiateur akafikiri. Ndiyo, alisema, kulikuwa na kitu kama hicho: wale waliobaki hawakuweza kuzaa, si kwa ugonjwa, ni kwa umbali. Dume anamwaga mbegu majini, jike anamwaga mayai majini, na bahari ndiyo inayowakutanisha. Lakini mmoja akiwa hapa na mwingine huko kwenye kilima kingine, mbegu inapotea njiani. Kwa hiyo wataalamu waliwachukua kwa mikono, mmoja mmoja, wakawaweka karibu karibu chini ya mawe yale yale.

Falonne akasimama. Hakuhitaji kusimama, ni mazoea.

— Papa Guangzhou, unasema waliisha. Mimi ninasema hawakuisha, walitawanyika, na hayo ni mambo mawili. Kitu kikiisha, unakilia, unarudi nyumbani. Kitu kikitawanyika, kila mmoja anabaki chini ya jiwe lake anafikiri yeye ndiye wa mwisho. Anangoja. Na kungoja ndiko kunakomuua, haiko chuma ya mvuvi. Mvuvi alishaenda zamani. Papa Radiateur anasema bahari ilipumzika ikapona. Hapana. Ingepumzika miaka mia ingebaki tupu, kwa sababu wachache waliobaki hawakuwa wanaonana. Ilipona siku mmoja alipokaribia mwingine. Wawili wakafanya jiwe, mawe yakafanya mtaa. Mtu anayesema tungoje kwanza ishara ziwe nyingi, ndipo turudi, huyo hajaelewa ishara zinatoka wapi. Zinatoka kwa yule wa kwanza. Bila wa kwanza, hakuna ishara ya kungoja.

Mama Bénite akapiga kifuniko cha birika kwa kijiko, ambayo ndiyo hukumu ya pale kijiweni, na Guangzhou, ambaye ni mchokozi lakini anajua sheria, akainuka kutoka mahali pa karibu na makaa, akapangusa kwa kitambaa chake, akamwonyesha Falonne akae. Anayeshindwa hutoa nafasi ya joto. Radiateur alikuwa anacheka peke yake, akirudia mawili, mawili, haiko moja. Falonne akakaa kwenye joto.

— Umesema vizuri, mwanangu.

Alikuwa baba yake. Alikuwa amegeuka kumtazama, na uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Falonne hakuwa ameiona tangu walipofika kwenye chumba kile cha nyuma. Aliinua kikombe, akakimaliza chote kwa mara moja.

— Miye nilikuwa ningali na wasiwasi, alisema. Nilijiuliza, ningoje hata mwezi moja? Mais iko vile unasema. Kama kila mutu anangoja mwenzake, shamba inarudi kuwa pori, na sisi tunakufa kila moja chini ya jiwe yake. Lazima kuwe wa kwanza.

Joto la makaa likamtoka Falonne miguuni.

— Papa, nilikuwa ninasema juu ya konokono.

— Ninajua, alisema Mathe. Na miye pia.

Alitaka kuyarudisha. Alitaka kusema kwamba yale yalikuwa maneno ya kumpiga Guangzhou tu, kwamba angepewa upande wa pili angeutetea vilevile na kushinda, kwamba ndivyo débat ilivyo, unapewa upande. Lakini mambo hayo hayasemeki kwa baba mwenye uso uliofunguka. Hoja zake zote za njiani, ya kwanza, ya pili na ile ya kumaliza, zilikuwa zimeshajibiwa, na aliyezijibu alikuwa yeye mwenyewe, tena kwa sauti nzuri.

Ni katika hali hiyo alipotokea kwenye ukungu mwanamke mwenye furushi kichwani na matope mpaka magotini. Aliwasalimu wote, akatua furushi, akaomba kahawa. Mama Bénite akamwuliza anaitwa nani na ametoka wapi, maana hamjui. Anaitwa Jokébed, alisema. Ameshuka sasa hivi kwenye gari la Beni, anamngoja dada yake aje kumchukua, kwa sababu nyumba haijui. Beni upande gani? Mavivi.

Watu wa benchi hawakumrukia. Kuna namna ya kumwuliza mtu anayetoka huko, na namna hiyo inaanza mbali. Wakamwuliza habari ya barabara, akasema matope. Wakamwuliza habari ya mvua, akasema nyingi. Mathe ndiye aliyeuliza juu ya kakao, na Jokébed akasema kakao ni nyingi sana mwaka huu, miti inainama.

— Na batu? aliuliza Mathe.

— Kuko benye banaingia.

— Na banatoka?

Jokébed alipuliza kahawa yake.

— Benye banatoka, banatoka.

Mathe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata nusu ya alichokitaka na kuamua ni kizima. Kisha mgeni akauliza walikuwa wanazungumza nini, maana alipokuwa anakuja kwenye ukungu alisikia kama mahubiri. Wakamweleza, na wakati huo kila mmoja alitaka awe wa kueleza. Radiateur alimweleza konokono na rangi za ganda lake. Guangzhou alimweleza grossiste wa giza la maji. Mama Bénite akamrudishia wale wageni kwenye jiwe la ndugu, na Radiateur akamaliza na jinsi binti huyu hapa alivyowapiga wote, kwamba wachache wakikaribiana wanazaa, na kwamba pwani yote inaanza kupona kwa sababu yao. Jokébed alisikiliza kwa makini kabisa, mtu asiyetaka kukosa neno. Ilionekana inampendeza. Alikuwa anatazama upande wa bonde, kule weupe ulikokuwa unasogea taratibu, na kwa muda alikuwa ameshaingia majini pamoja nao.

— Iko muzuri, alisema. Na ile wakati balibarudisha ku mawe, bangali bachache vile, nani alikuwa anabachunga?

Haikuwa hila. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi.

Radiateur akafungua mdomo na kusema kwamba betri ilikufa. Guangzhou alisema bila shaka kule kuna, kisha akatafuta neno la kuweka pale, akatazama barabara upande wa kushoto, akatazama upande wa kulia, na akalimeza kama alivyommeza konokono. Mama Bénite aliacha kupepea.

Falonne alihisi hasira inapanda, lakini haikuwa na mtu wa kumwangukia. Konokono. Mnyama asiye na sauti, asiye na kadi ya kupigia kura, na kuna mtu aliyejua amebaki wapi. Mtu aliyeshuka kwenye maji ya baridi akamhesabu, akamshika kwa mikono, akamweka karibu na mwenzake, na kisha, lazima, mtu akabaki. Mashua ya walinzi ikabaki inazunguka. Hakuna anayemwambia konokono rudi nyumbani kumetulia halafu akaenda zake. Na yeye, kwenye ile hotuba yake ya kushinda, alikuwa amewarudisha wote kwenye mawe na kusahau mashua. Hakuwa amesahau. Hakuiweka kwa sababu ingeharibu sentensi.

— Jibu, mwanangu, alisema Mathe. Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anataka kweli kujua. Weye uko unajua kusema kutupita sisi bote.

— Sijue, Papa.

Ilikuwa mara ya kwanza benchi lile kumsikia mtu akisema hivyo, na wengine wakatazama pembeni, kama vile amevua nguo.

Honi ikalia mara mbili ndani ya ukungu, na pikipiki ikatokea, motari, dereva wake, amejifunga koti la mvua, akamwuliza mzee kama ni yeye anayekwenda kuchukua gari la Beni. Mathe akasema ni yeye. Akamrudishia Mama Bénite kikombe na kumwambia wasingya, asante. Akamuaga Guangzhou kwa mkono, Radiateur kwa mkono. Alipofika kwa Falonne alisita, akamshika bega.

— Hata ule konokono wa kwanza hakukuwa na jibu, alisema. Alienda tu. Mwambie mama yako nitarudi.

Falonne alikuwa ameshaishiwa maneno, na kwa mtu kama yeye hiyo ni sawa na kuishiwa mikono. Akapita mbele ya baba yake, akainua sketi kidogo, akapanda pikipiki nyuma ya motari, na kukaa.

Motari akageuka.

— Yaya, dada yangu, minabeba muzee.

— Beba sisi babili.

— Shuka, Falonne, alisema Mathe.

— Hapana, Papa. Nilisema bakaribiane. Weye na miye, tuko babili tayari. Tutaanza jiwe.

— Shuka. Kule hapana mahali pa mutoto.

— Kwa nini?

Mathe alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, wote waliliona limefika kwenye meno yake. Lilikuwa ni jibu ambalo mkewe alikuwa amemwambia asubuhi, na juzi, na ambalo hakutaka kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine, sembuse yake. Injini ilikuwa inanguruma, moshi wake ukichanganyika na ukungu. Falonne alikuwa ametazama mbele, mikono juu ya magoti, kama msichana anayengoja kupelekwa misani. Alikuwa anaogopa, na hakuficha.

— Kama kumepona, alisema, unipeleke.

Motari aliwatazama wote wawili kupitia kioo chake kidogo. Hakutaka kuingia kwenye mambo ya familia, lakini mafuta ni mafuta.

— Muzee, tunaenda, ao namna gani?

Mathe akaweka mkono wake juu ya usukani wa pikipiki, taratibu, kama anavyoshika mtu tawi la kakao ili lisivunjike.

— Zima kwanza ile moteur, alisema.